Mvua ndiyo inayozamisha boti iliyofungwa

Mvua za Septemba zikikaribia, wateja wanaotuachia boti zao tuzitunze huuliza swali lile lile: mbona tunakataa kufunika boti kwa turubai lililotandikwa bapa, ilhali ndiyo njia ya haraka na ya bei nafuu? Tunakataa kwa sababu turubai la namna hiyo huzamisha chombo, na tungependa kila mwenye mashua ya tanga au boti ya injini hapa Ziwa Victoria aelewe hesabu yake.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji, yaani kilo 1. Boti ya wazi yenye eneo la mita za mraba 10 ikinyeshewa milimita 50, imebeba nusu tani kabla hata hujapanda. Na maji hayo hayatulii mahali pamoja. Wimbi likiinua ubavu mmoja, yote hukimbilia ubavu wa pili, boti inalala, ukingo unaanza kuchota ziwa. Ikifika hapo, hakuna ndoo itakayoiokoa.

Kibaya zaidi, Ziwa Victoria hupenda kuchafuka usiku. Mchana upepo huvuma kutoka majini kwenda nchi kavu, lakini usiku hugeuka. Hewa kutoka pande zote za pwani hukutana juu ya maji yenye joto, mawingu yakapanda, na ngurumo zikashika zamu hadi alfajiri. Saa hizo mwenye boti yuko kitandani Kampala.

Turubai bapa halizuii maji, linayahifadhi tu. Likibonyea katikati, eneo la mita 2 kwa 3 lenye kina cha sentimita 5 lina kilo 300, na uzito huo unakaa juu, mahali ambapo chombo kinapinduka kwa urahisi. Wenye boti wa Ulaya na Marekani hupata shida ya aina hiyo wakati wa baridi, theluji inaporundikana juu ya turubai, ndiyo maana huliweka kwa mwinuko mkali ili theluji iteleze. Kwetu ni maji, lakini dawa ni moja.

Kwa mashua ya tanga, tunaanza kwa kuunyanyua ule mti wa chini wa tanga, au tunafunga kamba nene kutoka mlingotini hadi tezi, yaani nyuma ya chombo, ikazwe hasa. Huo ndio mgongo. Turubai linapita juu yake na kushuka pande zote mbili hadi nje ya ukingo, kisha kamba zinapitishwa chini ya tumbo la chombo zikakutane upande wa pili. Hatutegemei vile vitundu vya chuma vya pembeni peke yake, kwa maana upepo wa dhoruba huving'oa kimoja baada ya kingine. Mbele na nyuma tunaacha nafasi ya hewa, la sivyo tanga litaota kuvu na mbao zitaanza kuoza. Mwisho fundi anamwaga ndoo nzima ya maji katikati ya turubai mbele ya mteja. Yakibaki hata kikombe, tunafungua na kuanza upya.

Wengine hutuambia wana pampu ya umeme. Ni nzuri, iwekeni. Ila pampu inakula betri, na siku tatu za mawingu mfululizo sola huchaji kidogo tu. Tundu za kutolea maji nazo huzibwa na majani pamoja na wale wadudu wa ziwani wanaokufa kwa mafungu chini ya taa. Sisi huzisafisha kwa kidole kila asubuhi baada ya mvua.

Kamba za kufungia zinahitaji uangalifu wa peke yake. Mwaka 2020 ziwa lilijaa hadi kufikia kiwango cha rekodi ya miaka ya 1960, magati na nyumba nyingi za mwaloni zikaingia majini. Boti iliyofungwa kwa kamba fupi kwenye nguzo, maji yakipanda, huvutwa pua chini. Acheni ulegevu wa kutosha. Halafu kuna magugu maji. Aprili mwaka huo huo kisiwa cha mimea kinachoelea kilisukumwa hadi kwenye bwawa la umeme la Nalubaale kule Jinja, umeme ukakatika nchini Uganda. Rundo la magugu likisukumwa na upepo linaweza kukokota mashua pamoja na nanga yake, kwa hiyo likionekana linakuja, tunahamisha chombo mapema badala ya kungoja kuona.

Huduma yetu ya msimu wa mvua ni hiyo: kufunika, kukagua kila asubuhi baada ya dhoruba, kukumba maji, kurekebisha kamba na kukutumia picha kwa simu. Bei inategemea urefu wa chombo. Tuachie ufunguo wa kufuli ya mnyororo, maana hatuwezi kuhamisha boti iliyofungwa kwa kufuli ambayo hukutuachia ufunguo wake. Kama una turubai lako, lilete Jumamosi tulipime. Likiwa fupi kuliko ukingo tutakuambia papo hapo, ununue jingine kabla mawingu hayajakaza.