Mwanangu, nimefika Faza

Mwanangu kipenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Jana ulipopiga simu mtandao ulikuwa wakatika katika nikashindwa kukuhadithia safari yangu, sasa acha nikuandikie.

Alhamisi nilipanda boti hapa gatini Amu (Lamu) kwenda kumuona shangazi yako Faza, kisiwani Pate. Boti ya abiria hii ya kila siku, imejaa magunia ya unga, mitungi ya gesi, mbuzi wawili na kina mama na vikapu vyao. Mzigo ukachelewa kupakiwa, na we wajua Mkanda ulivyo, ule mlango kati ya Manda na bara, maji yakianza kupwa haupitiki. Basi tukakwama katikati. Injini ikainuliwa, kijana mmoja akashika upondo akawa anapima, kila akiuchomoa umepakwa tope jeusi, mwisho mabaharia wakashuka kusukuma na mimi na umri wangu huu nikakunja kikoi nikashuka nao. Mikoko pande zote, kimya kabisa, unasikia kaa tu kwenye mizizi. Kukwama hakukuniuma, kilichoniuma ni wale watoto ndani ya boti, hakuna hata mmoja aliyevaa laifu jaketi. Nilimwambia nahodha na nitazidi kumwambia.

Tulipotoka Mkanda upepo ukatupokea, raha jamani! Mtangawanda, gatini, wakashuka watu wa mji wa Pate, bado wana lisaa lizima la kutembea kwa miguu. Siyu, mji mwingine wa kisiwa hicho, hatukuingia, lakini nilipoona ule mkono wa bahari unavyopotea kwenye mikoko nikamkumbuka babu yako, viatu vyake vya ngozi vyote alikuwa akishonewa Siyu, hataki vya dukani.

Halafu Faza. Shuleni mlisoma Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, sawa, lakini miaka 6 kabla Wareno hawajaanza kuijenga, yaani 1587, walikuja Faza wakauvunja mji wakaua watu wakakata mpaka minazi. Minazi mwanangu! Na watu wakarudi wakajenga hapo hapo, na hao ndio wakubwa zako. Nataka ulijue hilo ukiwa huko Nairobi ukiulizwa kwenu wapi.

Shangazi yako macho yamepungua nguvu ila mikono bado. Anakusukia mswala wa ukindu, upande mmoja mwekundu umeisha, nyuzi za upande wa pili zinaning'inia, akanishika mkono akaupitisha juu yake nihisi alivyoubana. Nikamwambia nipe nimpelekee ukiisha. Akakataa, anataka akukabidhi mwenyewe.

Kwa hiyo Disemba ukifunga niambie tarehe mapema, usikate tiketi ya basi kabla hujaniuliza. Maji husogea karibu lisaa kila siku, leo boti ikitoka saa tatu kesho ni karibu saa nne, lazima nipige hesabu tusije tukakwama tena.

Babako