Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Majitaka: kabla ya kununua taa, pimeni maji

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Nimesoma tangazo la zabuni la kung'oa mfumo wa klorini kwenye mtambo wa majitaka na kufunga taa za mionzi ya UV (urujuanimno, mwanga usioonekana unaoua vijidudu). Sababu iliyotajwa ni kwamba sampuli za maji yanayotoka bado zina kolifomu (bakteria wanaoashiria uchafu wa kinyesi) kupita kiwango, ingawa dozi ya klorini imeongezwa maradufu. Mimi ni mtu wa maabara, maji ya namna hii ndiyo kazi yangu, na sababu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Ukiongeza dozi mara mbili na vijidudu vikabaki vilevile, basi yamkini kuna kitu kinaimeza klorini kabla haijavifikia. Taa hazitakuambia ni kitu gani.

Wa kwanza kushukiwa ni naitraiti. Kwenye tangi la hewa, kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa naitraiti, kisha kundi jingine huimalizia kuwa naitreti. Hewa ikipungua, au tope wanamoishi bakteria hao likiondolewa kwa pupa, kundi la pili huzidiwa na naitraiti hulundikana. Kila miligramu 1 ya naitrojeni iliyo katika umbo hilo hula takribani miligramu 5 za klorini. Maji yenye miligramu 3 tu kwa lita yatakunywa miligramu 15 za klorini, na hiyo yaweza kuwa dozi yenu yote.

Dalili yake huonekana kwenye kichupa. Mwendeshaji anachota maji mwisho wa tangi la klorini, anatia kidonge cha DPD (kemikali inayogeuka waridi ikikuta klorini), anatikisa, anasubiri rangi ya waridi. Haiji. Anafungua pampu zaidi, anachota tena, bado haiji. (Hapa kuna mtego: klorini ikizidi mno nayo huifuta rangi hiyo, kwa hiyo sampuli izimuliwe kwanza kwa maji yasiyo na klorini kabla mtu hajaandika sifuri kwenye daftari.) Ikiwa sifuri ni ya kweli, tiba haiko kwenye pampu ya klorini. Iko nyuma, kwenye vipuliza hewa na umri wa tope, yaani siku ambazo tope hukaa mtamboni.

La ajabu ni kwamba mtambo ambao haugeuzi amonia kabisa haupati taabu hii. Klorini huungana na amonia kuwa kloramini, ambayo huua polepole na ni dhaifu kwa virusi, lakini ikipewa muda hupunguza kolifomu vizuri tu. Mtambo unaogeuza amonia yote hadi naitreti nao uko salama. Anayeumia ni yule aliyekwama katikati.

Baada ya hapo liangalieni tangi la klorini lenyewe. Kwenye michoro limeandikwa kuwa maji hukaa humo dakika 30. Mwageni rangi ya kufuatilia maji mlangoni, mtu asimame kwenye mfereji wa kutokea na saa mkononi. Rangi ikitokeza baada ya dakika chache, maji yanakata njia ya mkato, pembe zimejaa tope, na hakuna dozi itakayofidia muda usiokuwepo. Klorini ya kimiminika nayo ipimwe nguvu: hipokloriti, kama inavyoitwa, iliyokaa juani au kwenye joto hupungua, hata kama lebo ya pipa bado inasema asilimia 12.

Sizipingi taa. Zina sifa mbili ambazo klorini haina: hazimwagi sumu mtoni, na humaliza Cryptosporidium, kimelea cha kuharisha ambacho klorini kwa dozi zetu haikitishi. Na nikiri wazi, naitraiti haizizuii. Lakini tangi la hewa lisilo na hewa ya kutosha huweza kutoa pia maji yenye chembechembe nyingi, na bakteria aliyejificha ndani ya chembe haonwi na mwanga. Chuma na chokaa hujenga ukoko juu ya mirija ya kioo inayofunika taa, unaohitaji kusuguliwa na kuoshwa kwa asidi. Taa zenyewe hudumu kiasi cha saa 8,000 hadi 12,000, yaani kama mwaka mmoja hivi zikiwaka mfululizo. Umeme ukikatika, maji yanaendelea kupita. Je, jenereta imo kwenye bei ya zabuni?

Ozoni, gesi nyingine ya kuua vijidudu, naiacha: mtambo unaoshindwa kutunza pampu ya dozi hautaweza kutunza kiwanda kidogo cha gesi.

Jambo moja halimo kabisa kwenye tangazo: maji haya yanakwenda wapi? Kama ni mtoni, klorini iliyobaki lazima iondolewe kwa sodiamu bisalfaiti, kemikali inayoifuta klorini, maana samaki hawaistahimili. Kigezo cha Marekani kwa maji baridi ni miligramu 0.019 kwa lita kwa muda mfupi. Kama ni mashambani, kolifomu si tatizo pekee. Mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa 2006 unataka yai la minyoo lisizidi 1 kwa lita, na mayai hayo hayafi kwa klorini wala kwa UV ya dozi za kawaida. Huondolewa kwa kutuama kwenye mabwawa au kwa kuchujwa. Kama ardhi ipo, mabwawa yanastahili kuhesabiwa kabla ya taa.

Ninachoomba ni kusimamisha zabuni kwanza, kisha kupima kila siku kwa mwezi mmoja naitraiti, amonia, chembechembe, na kiasi cha mwanga wa UV kinachopenya maji, asubuhi na wakati wa wingi wa maji. Majibu yaambatishwe kwenye nyaraka za zabuni. Muuzaji atakayetaja idadi ya taa bila kuyaomba, msimpe kazi.

Wako mtiifu,
Mpimaji wa maabara ya majitaka