Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Ujerumani: Mgeni aandikishwe kwanza, ukaguzi ufuate

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni Mtanzania niliyeishi Italia kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Ujerumani kwa ajili ya kazi. Ninaandika kuhusu jambo moja tu, nalo ni namna anayetoka nchi nyingine ya Ulaya anavyoingizwa katika daftari la wakazi anapofika hapa. Nakala ya Kijerumani nimeituma wizarani kwa posta. Hii ya Kiswahili ni kwa wenzangu wanaopita njia hiyo hiyo, wapate kujua ninachokuomba.

Sheria ya Shirikisho ya Uandikishaji wa Wakazi, inayotumika tangu tarehe 1 Novemba 2015, inamtaka kila anayeingia kwenye makazi mapya ajiandikishe ndani ya wiki mbili. Sina ugomvi na sharti hilo. Sisi tuliokulia Tanzania tumezoea kuombwa barua ya serikali ya mtaa tunapokwenda kufungua akaunti ya benki, na tunajua kwamba mgeni mwenye adabu hufika kwa mjumbe wa nyumba kumi kujitambulisha kabla majirani hawajaanza kuulizana yeye ni nani. Kujulikana unakoishi ni wajibu, na kwa aliye ugenini ni kinga pia.

Ugumu unaanzia kwenye kifungu cha 19. Ili uandikishwe, unatakiwa kuleta Wohnungsgeberbestätigung, yaani karatasi ambayo aliyekupa makazi anathibitisha kwamba umehamia kweli. Ni fomu ya ukurasa mmoja: jina na anwani ya anayekupa makazi, tarehe uliyohamia, anwani ya nyumba, majina ya wote waliohamia, sahihi. Mkataba wa pango hauchukui nafasi yake. Ndani ya fomu hiyo kuna mstari mfupi ambao watu wengi hawautilii maanani mpaka wanapokwama, nao ni ule unaotaka jina la mmiliki wa nyumba iwapo anayetoa makazi si mmiliki mwenyewe. Mgeni katika miji mikubwa mara nyingi hapati nyumba. Anapata chumba kwa mpangaji mwingine. Kisheria mpangaji huyo anaruhusiwa kutia sahihi, kwa kuwa ndiye aliyetoa makazi, lakini kama alikipangisha chumba bila idhini ya mwenye nyumba, sahihi yake ndiyo itakayomfichua. Kwa hiyo anakataa. Nimekaa na mama mmoja wa Mombasa aliyeambiwa waziwazi na aliyempangisha kwamba akae, alipe kila mwezi bila kuchelewa, ila jina lake lisionekane kwenye karatasi yoyote wala kwenye sanduku la barua.

Naomba uone uzito wa jambo hilo la sanduku la barua. Jina likishaingia daftarini, Ofisi Kuu ya Kodi ya Shirikisho hutuma kwa posta namba ya kodi yenye tarakimu 11, na mwajiri asipokuwa na namba hiyo, hatimaye analazimika kukata kodi kwa daraja la sita, ambalo ndilo zito kuliko yote. Barua ya ada ya redio na televisheni ya umma, Euro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya, nayo hufuata anwani hiyo hiyo. Cheti cha uandikishaji huulizwa benki, huulizwa unapomtafutia mtoto nafasi ya shule, na huulizwa na ofisi ya wageni. Asiye na anwani iliyoandikwa yuko hapa kwa mwili tu, na mambo yake yote yanamsubiri nje.

Raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya angalau haki yake ya kukaa haitegemei kibali; hata ile hati ya uhuru wa kuhama aliyokuwa akipewa hapa ilifutwa mwaka 2013. Lakini wengi wetu hatuna uraia huo. Tuna kadi ya mkazi wa muda mrefu ya Umoja wa Ulaya iliyotolewa Italia au nchi nyingine, na Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2003 linatutaka tuombe kibali katika nchi ya pili kabla miezi mitatu haijapita tangu tuingie. Mpaka kibali hicho kitoke, hatuwezi kuanza kazi. Ofisi ya wageni inataka kuona tumeandikishwa, daftari la wakazi linataka sahihi ya aliyetupangisha, aliyetupangisha anaogopa, na kila wiki inayopita inakula ndani ya ile miezi mitatu. Faini ya kuchelewa kujiandikisha inaweza kufika Euro 1,000. Ninajua kwamba haitozwi kwa kila mtu, lakini aliyefika juzi hajui hivyo, naye hukosa usingizi kwa kosa ambalo hakulitenda.

Italia, ambayo watu wengi huisema kwa urasimu wake, ililitatua jambo hili kwa namna ninayoomba uichunguze. Tangu Mei 2012, anayehamia mji mpya hutoa tamko lake la makazi, ofisi ya manispaa humwandikisha ndani ya siku mbili za kazi, kisha ukaguzi hufanyika. Ofisi ina siku 45 za kuhakiki, na askari wa manispaa anaweza kubisha hodi kutazama kama unaishi hapo kweli. Ukikutwa umedanganya, unafutwa na unawajibika kisheria. Mwenye kusema kweli hapotezi hata wiki moja.

Ninaelewa kwa nini Ujerumani iliirudisha sahihi ya mwenye nyumba mwaka 2015, baada ya kuiondoa mwaka 2002. Anwani za uongo zilikuwa nyingi, na wapo mpaka leo wanaouza anwani kwa wageni waliokata tamaa. Sheria yenyewe inaweka faini ya hadi Euro 50,000 kwa anayetoa anwani ambayo mtu hahamii kweli, na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini soko hilo linapata wateja kwa sababu mlango halali ni mwembamba mno. Yule mama wa Mombasa alikuwa na kitanda, funguo na risiti za kodi ya chumba katika nyumba anayoishi kweli, na bado alishauriwa anunue anwani ya nyumba asiyoijua.

Tena dawa imo ndani ya sheria yenu. Kifungu hicho cha 19, katika aya ya pili, kinasema kwamba mtu akinyimwa uthibitisho, au asipoupata kwa wakati kwa sababu nyingine, aiarifu ofisi ya uandikishaji mara moja. Maana yake mtunga sheria alimfikiria mtu huyu. Anayekataa kuthibitisha ndiye anayestahili kuulizwa, na faini yake ipo. Hata hivyo sijakutana na mgeni hata mmoja aliyeelezwa aya hiyo dirishani. Wanachoambiwa ni kurudi na karatasi.

Kwa hiyo ninaomba mwongozo wa utekelezaji wa sheria hii ufafanuliwe, ili anayefika na kitambulisho, akaeleza anakoishi na kwa nini hana sahihi, aandikishwe siku hiyo kwa tamko lake, kisha ofisi imtafute aliyempangisha na kuhakiki. Aya ya pili ichapishwe kwenye fomu yenyewe, chini ya nafasi ya sahihi, kwa lugha rahisi. Na pale miadi inapokosekana, kama inavyojulikana kwa miji mikubwa, ombi la miadi lililotumwa ndani ya wiki mbili litolewe stakabadhi yenye tarehe, ambayo mwajiri na ofisi ya wageni wataitambua. Huduma ya kujiandikisha kwa mtandao iliyoanzishwa imejengwa kwa anayehama kutoka anwani moja ya Ujerumani kwenda nyingine; anayetoka Milano au Brussels bado hana njia nyingine ila dirisha, na ndiyo sababu dirisha hilo ninaliombea haya.

Natanguliza shukrani, na ninasubiri jibu la wizara yako.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Ujerumani, raia wa Tanzania