Mheshimiwa Waziri wa Afya, tunaomba valproeti ipimwe kisawasawa kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo

Mheshimiwa Waziri, salamu. Naandika hadharani kwa sababu hili jambo linawahusu watu wasio na muda wa kusubiri majibu ya barua za bahasha, mimi mwenyewe namuuguza ndugu yangu mwenye glioblastoma, saratani kali ya ubongo.

Kuna dawa ya kifafa inaitwa valproeti, ya zamani kweli, ilitengenezwa mwaka 1882 na kwa miaka mingi ilikuwa inatumika tu kuyeyushia vitu maabara, mpaka miaka ya 1960 mwanzoni kule Ufaransa mtafiti Pierre Eymard akawa anayeyushia dawa alizokuwa anazipima, akaona kila mchanganyiko unazuia degedege, kumbe kinachofanya kazi ni kile kiyeyushi chenyewe. Halafu 2001 watafiti wakaonyesha kwamba hii dawa inagusa epijenetiki, yaani namna jeni zinavyowashwa na kuzimwa bila herufi za DNA kubadilika. DNA imezungushwa kwenye protini zinaitwa histoni, kama uzi kwenye bobini ya cherehani, ukikazwa sana jeni zilizo ndani hazisomeki. Kuna vimeng'enya vinaitwa HDAC, kazi yao kunyofoa asetili, vipande vidogo vya kemikali, kwenye histoni na hapo uzi unakaza. Valproeti inavizuia, uzi unalegea, na jeni zilizokuwa zimezimwa zinaweza kuwaka tena, zikiwemo zile zinazoiambia seli iache kugawanyika. Maabara, seli za glioma, yaani kundi la uvimbe wa ubongo ambamo glioblastoma imo, zikiwekewa valproeti zinaumia zaidi na mionzi.

Sasa hapa ndipo ninapoumia mheshimiwa. Tangu 2005 matibabu ya glioblastoma ni operesheni, mionzi na temozolomide, dawa ya kuua seli za saratani, na kwenye utafiti ulioleta mpango huo nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 14.6, waliopata mionzi peke yake miezi 12.1. Mwaka 2011 wakarudi kwenye data za utafiti huohuo wakaona waliokuwa wanameza valproeti kwa ajili ya degedege waliishi muda mrefu kidogo, watu wakapata moyo. 2015 Marekani wakajaribu kwa wagonjwa 37, dozi kubwa pamoja na mionzi, nusu yao wakavuka miezi 29.6, lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha. Kisha 2016 zikaunganishwa data za wagonjwa 1,869 na ile faida haikuonekana kabisa.

Na ukitulia unaona kwa nini data za kurudi nyuma zinadanganya, mtu anayeanza na degedege anapigwa picha ya kichwa mapema, uvimbe wake unaonekana mapema, na anayemeza dawa miezi mingi ni yule aliyeishi hiyo miezi mingi, hapo huwezi kujua kilichomsaidia ni nini. Njia ya kujua ni moja tu, jaribio kubwa la wagonjwa kugawanywa kwa bahati nasibu, na kampuni haiwezi kulilipia maana patenti, yaani haki ya kuiuza peke yake, iliisha zamani, vidonge ni bei rahisi, faida haipo. Ndiyo maana nakuja kwako mheshimiwa, pesa ya umma ndiyo inayofaa kwenye swali la namna hii.

Naomba wizara itoe fedha au iungane na nchi nyingine kulifanya hilo jaribio, na sampuli za uvimbe zihifadhiwe, zipimwe jeni ya MGMT, inayorekebisha DNA iliyoharibiwa na temozolomide, na hali ya histoni, kwa sababu inawezekana dawa inawafaa wengine na wengine haiwafai, ukiwachanganya wote unapata sifuri.

Pia wakati tunasubiri toeni mwongozo kwa lugha ya kawaida. Familia zinasikia dawa ya kifafa inatibu saratani na zinaanza kuitafuta zenyewe, na hii dawa siyo ya kuchezea. Inaweza kushusha chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, na temozolomide nayo inazishusha, inaweza kuumiza ini, na akimeza mama mjamzito karibu mtoto 1 kati ya 10 anazaliwa na kasoro kubwa ya maumbile. Anayeimeza kwa ajili ya degedege naye asiiache ghafla kwa sababu kasoma kwamba haisaidii uvimbe, degedege zinaweza kurudi kwa nguvu.

Mheshimiwa, waite madaktari wa neva na wa saratani wakae meza moja, na sisi tunaouguza tuwe na kiti hapo, tupo tayari kuja siku yoyote mtakayopanga.