Mikrobi za tumbo na ugonjwa wa moyo: sahihisheni ile habari

Bwana mhariri,

Ile habari yenu ya mikrobi za tumbo na ugonjwa wa moyo imetuletea kazi. Mimi nauza dawa farmasi moja huku Kadutu, hapa Bukavu, na tangu itoke watu wanakuja na simu mkononi, wamepiga picha kile kichwa cha "mikrobi za tumbo zinaua moyo", wanaomba antibiotiki, na hawaumwi kitu. Mama mmoja muuza ndizi aliweka franka zake juu ya meza akaniambia nipe plakete mbili za metronidazoli, moja yangu moja ya mzee, mzee ana tansio, yaani presha ya damu. Nikamuuliza tansio ya mzee iko ngapi, akasema mbona hawajapima tangu mwaka jana.

Sisemi mliongopa. Habari yenyewe iko, timu ya munganga Stanley Hazen wa Cleveland Clinic kule Marekani wanaifuata tangu 2011. Ni hivi: ukila nyama nyekundu, maini, kiini cha yai, kuna mikrobi ndani ya utumbo zinachukua vitu vinaitwa kolini na karnitini zinatengeneza gesi moja, ile gesi inafika kwenye ini, ini linaigeuza kuwa kitu wanakiita TMAO, halafu inazunguka na damu. Mwaka 2013 walitoa hesabu ya wagonjwa 4,007 waliofuatiliwa miaka mitatu, wale wenye TMAO nyingi kabisa hatari yao ya kupata mshtuko wa moyo, kiharusi ao kufa ilikuwa kama mara mbili na nusu ya wale wenye kidogo. Nyinyi mkaishia hapo, mkaruka moja kwa moja kwenye "basi ziuliwe".

Lakini utafiti huohuo wa 2013 ulijaribu antibiotiki! Watu wasio na ugonjwa walikula mayai mawili ya kuchemsha wakapimwa, kisha wakameza metronidazoli na siprofloksasini wiki moja, wakapimwa tena, TMAO karibu ipotee yote. Najua mngeandika hii peke yake ningefunga duka saa nne asubuhi juu dawa zingeisha. Ila soma mpaka mwisho: walipoacha dawa, mwezi ao zaidi ukapita, wakala mayai tena, TMAO ikawa imerudi. Dawa ilikuwa ya kuonyesha kwamba mikrobi ndizo zinafanya ile kazi, haikuwa matibabu. Na kuna jaribio lingine lilitoka 2005, wagonjwa wa moyo 4,012, nusu yao wakapewa azitromisini kila wiki mwaka mzima, ingawa pale walikuwa wanawinda mikrobi nyingine kabisa, wakafuatiliwa karibu miaka mine na moyo haukupata faida yoyote. Mwaka mzima jamani. Sasa plakete moja itafanya nini?

Niseme hapa mtu asije akaelewa vibaya: mtoto ambaye munganga amemuandikia sindano ya penisilini kila mwezi juu ya rumatisma ya moyo asiiache hata kidogo. Ile inaanzia kwenye mikrobi ya koo na pale antibiotiki ndiyo kinga yenyewe.

Kumeza ovyo kunafagia hata zile mikrobi tunazozihitaji. Zinakula nyuzinyuzi, ile sehemu ya chakula ambayo sisi wenyewe hatuwezi kusaga, ya maharage, sombe (majani ya muhogo), lengalenga, viazi vitamu, na zikishakula zinatoa asidi kama butireti ambazo zinalisha ukuta wa utumbo na kutuliza uchochezi mwilini, yaani ule mwili kuwaka na kuvimba kwa ndani. Hapo hamkuandika hata mstari mmoja, na ndipo pangetusaidia sisi watu wa Bukavu, juu sombe na maharage tuko nayo na haitaki ordonansi.

Mwaka 2025 ilitoka kazi ya jirani zetu wa Kilimanjaro, Tanzania, wanaume 77. Wa kijijini walipewa chakula cha kizungu wiki mbili, wa mjini wakarudishwa kwenye chakula cha wazee wao, wengine wakapewa mbege, pombe yao ya ndizi na ulezi, wiki moja. Wale wa chakula cha kizungu uchochezi kwenye damu ulipanda, kwa wale wa chakula cha wazee ukashuka, na wa mbege vilevile. Damu ndiyo ilipimwa, hawakuhesabu nani kapata ugonjwa wa moyo, kwa hiyo tusiruke tena. Na wapenzi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, naona mnatabasamu, ni kweli kasiksi na mbege ni ndugu, lakini hakuna aliyesema jerikani.

Tena mngewaambia wasomaji kwamba wanasayansi bado wanabishana. Samaki wa bahari wana TMAO yao tayari mwilini na bado walaji wa samaki hawaonekani kuwa na moyo mbaya kuliko wengine, na figo zikichoka TMAO inapanda yenyewe juu figo ndizo zinaitoa, kwa hiyo hawajakubaliana kama TMAO ndiyo mwizi ao ilikutwa tu mahali pa wizi. Chumvi na tansio havina ubishi wa namna hiyo. OMS, shirika la afya duniani, inasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kidogo cha chai, na sisi tunaweka makayabu, wale samaki wa chumvi, kube mbili za mchuzi ndani ya sufuria, kisha chumvi tena mezani kabla hata ya kuonja.

Naomba msahihishe, na iwe kwenye ukurasa uleule. Na lile tangazo la unga wa kusafisha tumbo mlilolibandika chini ya ile habari, lenye picha ya moyo mwekundu, muliondoe, ao kama limeshalipiwa muandike kwa herufi kubwa kwamba ni tangazo, juu wateja wangu wanadhani ni sehemu ya habari na wananiuliza kwa nini siuzi. Tansio tunapima bure, hiyo mnaweza kuichapa.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu