Kariakoo si maduka tu

Mhariri,

Kariakoo ikitajwa gazetini, ni bei za vitenge na foleni basi. Sisi tunaolala huku hatumo. Jina lenyewe latokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Wazee wakalitamka kwa ulimi wao. TANU nayo ilizaliwa huku huku, mwaka 1954.

Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, uani kwa kupikia, baraza mbele. Jioni bibi hukaa hapo na kashata yake, watu wa Simba na Yanga wakitambiana mpaka adhana ya magharibi. Muuza kahawa ni Yanga. Wakifungwa, kwake hata salamu usipeleke.

Sasa ghorofa la jirani limetuziba hata jua la kuanikia nguo. Sipingi ujenzi, kodi za fremu zinalisha wengi, na mjomba wangu mmojawapo. Ila wanaotoa vibali watuachie japo nyumba chache zenye baraza, zingali zina watu ndani.

Mkazi wa Kariakoo,
Dar es Salaam