Zile bloku zako tatu, na hiyo robo inchi

Shosti wangu,

Mambo? Nimesoma ujumbe wako jana usiku nikakosa raha kabisa, eti unataka kujitoa kwenye kwilti yetu, lile blanketi la vipande tunaloshona pamoja, kwa sababu bloku zako, yani ile miraba yako ya vitambaa vilivyoungwa, zimerudishwa kuwa ni ndogo. Usijitoe bwana. Nimeona kuandika meseji fupi hakutoshi ndo maana nakaa chini nikuandikie vizuri, maana hiyo kitu ilinipata na mimi kwenye kwilti ya kwanza niliyoshona na wenzangu na hakuna aliyeniambia tatizo liko wapi, nikawa nazivuta bloku kwa nguvu ili zifike, na ilipounganishwa ule mstari wangu ukakaa mawimbi mawimbi mpaka ikabidi ufumuliwe wote. Niliumia sana siku ile, kwa hiyo najua unavyojisikia.

Sasa nisikilize. Umesema bloku zako zimetoka inchi 12 na robo wakati zinatakiwa 12 na nusu kabla ya kuunganishwa. Yani umepungukiwa robo inchi tu. Nyota yetu ya urafiki, ule mchoro wa kila bloku, ina vipande 9, tatu kwa tatu, kwa hiyo ukipima kutoka upande huu mpaka ule unapita mishono miwili. Kila mshono unatakiwa ukae robo inchi kutoka ukingoni, na unakula kitambaa pande zote mbili. Ukigawa hiyo robo inchi utakuta kila mahali umeshona umeingia ndani zaidi kwa kama milimita moja na nusu hivi, kitu ambacho jicho halioni kabisa! We sio mshonaji mbaya, ni cherehani yako tu haijapimwa. Ila kwenye mstari wetu kuna bloku 5, na zote zikiwa hivyo inchi moja na robo imeshapotea, ndo maana yule aliyepewa kazi ya kuunganisha alikuwa mkali vile, ingawa mi naona angekuambia kwa upole zaidi.

Kabla hujagusa kitambaa chetu fanya hivi. Chukua mabaki yoyote, kata vipande vitatu virefu vyenye upana wa inchi 1 na nusu, viunganishe kwa urefu, piga pasi, alafu upime kile cha katikati. Kinatakiwa kiwe inchi 1 kamili, na vyote vitatu kwa pamoja inchi 3 na nusu. Cha katikati kikiwa chembamba ujue unashona ndani sana. Usiamini ule ukingo wa mguu wa cherehani, kile chuma kinachobana kitambaa, kwamba ndo robo inchi, mara nyingi sio. Weka rula chini ya sindano, shusha sindano taratibu kwa mkono mpaka iguse kwenye alama ya robo, alafu bandika kipande cha tepu pembeni ya rula na kitambaa kiwe kinapita hapo kila siku. Na ushone pungufu ya robo hata kwa unyuzi mmoja, maana kitambaa kikikunjwa na pasi lile kunjo nalo linakula nafasi kidogo. Rudia mpaka kile cha kati kisome 1. Mi nilirudia mara nne.

Ukishapata hapo mengine ni mepesi. Kwa kila bloku unakata miraba 4 ya kitambaa cheupe, inchi 4 na nusu kila upande, hizo ndo kona, na mmoja wa rangi kwa saizi hiyo hiyo ndo moyo wa nyota. Alafu kwa ajili ya pembetatu kata miraba ya inchi 5, miwili mieupe na miwili ya rangi. Najua hesabu kamili inasema inchi 4 na saba ya nane lakini achana nayo, kata 5 ili ubaki na cha kupunguza, hiyo ndo siri yangu kubwa na siiachi.

Hapa kwenye pembetatu ndo pa kwenda polepole. Usikate pembetatu kwanza! Laza mraba mweupe juu ya wa rangi, sura kwa sura, chora mstari kwa penseli kutoka kona hadi kona nyuma ya ule mweupe, shona robo inchi upande huu wa mstari na robo inchi upande ule, alafu ndo ukate juu ya mstari wenyewe. Ukifungua unapata miraba miwili, kila mmoja nusu nyeupe nusu rangi. Sababu ya kushona kwanza ni kwamba kitambaa kikikatwa mshazari kinavutika kama mpira, ukikishika tu kimeshabadilika umbo, lakini kikiwa tayari na mshono kinatulia. Pasi nayo usiisukume mbele na nyuma kama unanyoosha shati, iweke, ibonyeze, inyanyue. Kunjo lielekee upande wa rangi ili lisionekane kwenye nyeupe. Alafu chukua rula, ule mstari wake wa mshazari ulale sawasawa juu ya mshono, punguza pande zote mpaka inchi 4 na nusu kamili, vile vimasikio vya kwenye kona vinaondoka vyenyewe. Nilivyoanza kupunguza hivi ndo nikaacha kuogopa ncha za nyota.

Ukiwa na vipande vyote 9 vipange mezani kwanza. Kila pembetatu, upande wake wa rangi uguse moyo wa nyota, na zote zizunguke kuelekea upande mmoja kama pangaboi la karatasi la kuchezea watoto. Piga picha kwa simu, alafu iangalie picha badala ya meza, sijui kwanini lakini kwenye picha kosa linaonekana haraka. Ile bloku yako ya njano uliyonitumia, pembetatu ya kushoto imegeuka, ukiitazama vizuri utaona ncha inaangalia chini badala ya juu. Hiyo ifumue tu, ni mishono miwili mitatu, usiitupe, njano ile ni nzuri mno na kwenye kwilti nzima hakuna mwingine mwenye njano.

Kuunganisha unashona mistari mitatu kwanza. Mstari wa juu na wa chini makunjo yaelekee nje, wa kati yaelekee ndani, ili mistari ikikutana yale makunjo yaingiliane. Ukipapasa kwa kidole utasikia yamejifunga, hakuna gap, hapo choma pini moja kila upande wa mshono na ushone taratibu bila kuvuta, cherehani yenyewe inapeleka kitambaa. Na kila ukimaliza hatua moja pima, usisubiri bloku iishe ndo upime, hapo umeshachelewa.

Unajua kabisa hii kwilti ni ya nani. Mwenzetu amekaa hospitali muda mrefu na akirudi nyumbani nataka ajifunike kitu kilichopita mikononi mwetu wote kumi, bloku 3 kila mtu, zote 30, na nikiihesabu yenye 27 au yenye bloku zako zilizoshonwa na mtu mwingine roho inakataa. Nimeshaongea na yule anayeunganisha, amekubali kuanza na mistari ya chini ili ya kwako iwe ya mwisho kabisa, kwa hiyo una muda. Kitambaa cheupe kimebaki cha kutosha bloku mbili, nimekikunja na kukuwekea pembeni, nitakuletea pamoja na rula yangu maana ni vizuri wote tupimie rula moja.

Leo usiguse bloku. Fanya vile vipande vitatu tu, pima cha katikati, unitumie picha rula ikiwa juu yake. Naisubiri usiku huu huu.

Wako anayekupenda sana